Lenzi ya Pili na ya Tatu

Chombo cha kazi huzeeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchakaa, nayo huonekana kwa macho: jembe hulika makali, mashua huoza mbao, cherehani hulegea. Njia ya pili ni kupitwa, nayo haionekani katika chombo chenyewe hata kidogo. Chombo hulala jioni kikiwa kizima, kikaamka asubuhi kimekuwa cha kale, kwa sababu usiku ule mtu mwingine, katika nchi ya mbali, ametangaza kingine chenye jina lile lile na namba iliyozidi moja. Mwenye chombo hakuibiwa wala hakuvunjikiwa. Walakini moyo wake humwambia kwamba amepungukiwa. Wapiga picha wayajua maradhi haya kuliko mafundi wengi, kwa kuwa vyombo vyao hutengenezwa na watu wenye bidii ambao hawapumziki, na kila kazi ya watu hao hutangazwa kwa maneno matamu.

Katika mji wa Tanga alikuwako mwanamke mpiga picha za arusi. Ili kazi yake ieleweke yafaa kukumbuka desturi. Arusi ya pwani ina milango miwili. Mlango mmoja ni wa wanaume: msikitini au barazani, ndoa hufungwa, kahawa na halua hupita, na mambo huisha kwa muda mfupi. Mlango wa pili ni wa wanawake, nao hufunguliwa usiku. Bibi arusi aliyefungiwa na kusingwa kwa siku kadha hutolewa nje, huketishwa juu ya jukwaa lililopambwa kwa maua na taa, na wanawake wa pande zote mbili humtazama, humtuza na kucheza mbele yake. Huko mwanamume haingii. Nguo huwa za fahari, nywele huwa wazi, na katika nyumba nyingi simu huwekwa mlangoni ili picha zisitoke zikaenda zisikotakiwa. Basi mwanamke mwenye kamera, tena mwenye sifa ya kutunza siri, huwa ni mtu wa lazima. Picha zake hazitundikwi mahali pa wazi. Hufungwa katika albamu na kutazamwa na mama, shangazi na wajukuu kwa miaka mingi. Na usiku ule haurudiwi. Mchora picha aweza kumwita mtu aje akae tena. Mpiga picha wa arusi hana ruhusa hiyo.

Lenzi aliyoitegemea ilikuwa ni Canon ya milimita 70 hadi 200, yenye tundu la f/2.8, toleo la pili. Ni lenzi nyeupe, ndefu, yenye uzito wa gramu 1,490, na mtu aliyeibeba kutoka saa mbili ya usiku hadi saa saba hahitaji kuambiwa uzito huo kwa tarakimu. Fadhila yake ni kwamba humwezesha mpiga picha kusimama nyuma ya wachezaji, asimzibe mtu, na bado auone uso wa bibi arusi umejaa katika picha. Na tundu lake pana huruhusu nuru haba ya ukumbini iingie vya kutosha. Aliinunua mkononi mwa mtu, kwa fedha za arusi nyingi, nayo ilikuwa imemlipa.

Siku moja alikwenda Dar es Salaam kununua betri. Mwenye duka alipoiona lenzi yake alitabasamu, akatoa nyingine kabatini, akaiweka kando yake. Zilifanana kama pacha.

"Dada yangu, hiyo ni ya pili," alisema. "Wenzako wote wa mjini sasa wako kwenye ya tatu. Nipe hiyo yako na milioni mbili na laki nne, uondoke na hii."

"Ina nini ambacho yangu haina?"

"Ni mpya, dada. Ya tatu hiyo."

Jibu lile halikuwa jibu, naye alilijua hivyo; lakini alirudi nalo Tanga, likakaa naye. Lilikaa kwa sababu mbili. Kwanza, katika arusi za karibuni picha zake zilikuwa zimeanza kuonyesha kasoro: kila taa ya jukwaa ilipokuwa nyuma ya bibi arusi, ukungu mweupe ulitanda juu ya picha, weusi ukageuka kijivu, na madoa ya kijani yakaelea hewani kama vimulimuli. Mteja mmoja alisema kwa upole kwamba picha za binti wa jirani, zilizopigwa na mtu mwingine, zilikuwa "zinang'aa zaidi." Neno la upole la mteja humchoma fundi kuliko tusi. Pili, fedha ile ilikuwapo. Zamu yake ya upatu ilikuwa mwezi ule: wanawake kumi na wawili, kila mmoja shilingi 200,000, jumla shilingi 2,400,000, kana kwamba mwenye duka alikuwa amechungulia katika daftari lao. Ila fedha hiyo ilikuwa na ahadi juu yake. Mama yake alikaa Pangani katika nyumba ambayo bati zake zilikuwa zimetoboka, na kila masika kitanda cha mama kilihamishwa kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine. Masika ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mtu aweza kudhani kwamba kati ya paa la mama na kioo cha kamera hapana shauri la kufanya. Fikira hiyo ni ya haraka. Paa la kwanza la nyumba ile, na ada za wadogo zake, vilitoka katika lenzi. Chombo kilichomlisha mtu kikipungua, paa la mwaka huu laweza kuwa la mwisho. Basi swali halikuwa kama ampende mama yake au kazi yake. Lilikuwa ni swali la kweli la fundi: je, toleo la tatu lingeondoa kasoro ile, ama lisingeiondoa?

Hapa yabidi kutazama nasaba ya lenzi yenyewe. Canon walitoa lenzi ya kipimo hiki ya kwanza mwaka wa 1995, isiyokuwa na kituliza mtikisiko. Mwaka wa 2001 wakatoa nyingine yenye kituliza mtikisiko, yaani vioo vya ndani vinavyosogezwa na mota ndogo kinyume cha mtetemeko wa mkono. Kituliza hicho kilihesabiwa kuwa na nguvu ya hatua tatu za nuru. Mwaka wa 2010 likaja toleo la pili la lenzi hiyo ya kituliza. Mabadiliko ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Vioo vilipangwa upya, 23 katika makundi 19, na kimoja kati yake kilikuwa cha floraiti, fuwele ambayo Canon walikuwa wameitia katika lenzi ya kamera tangu 1969 kwa sababu huzuia rangi za nuru zisitawanyike. Kituliza kilifikishwa hatua nne. Lenzi iliweza kulenga kitu kilicho mita 1.2 kutoka kwa mpiga picha, badala ya mita 1.4. Zaidi ya yote, picha iliyopigwa kwa milimita 200, tundu likiwa wazi kabisa, ambayo katika lenzi ya 2001 ililegea kidogo, katika ile ya 2010 ilikaza hata ukope ukahesabika. Aliyetoka lenzi ya 2001 akaenda ile ya 2010 alinunua kitu.

Toleo la tatu lilitangazwa mwezi wa Juni 2018, na habari yake ni tofauti. Vioo ni 23 katika makundi 19, vile vile. Floraiti ni moja, vile vile. Umbali wa kulenga ni mita 1.2, vile vile. Uzito ulipungua kwa gramu 10, ambazo ni sawa na sarafu mbili tatu mfukoni. Kilichobadilika ni rangi ya gamba iliyokuwa nyeupe kidogo zaidi, na tando mbili zilizopakwa juu ya vioo: utando mmoja wa kuzuia marejeo ya nuru ndani ya lenzi, na utando wa florini juu ya kioo cha mbele na cha nyuma ili mafuta ya vidole na matone ya maji yafutike kwa urahisi. Canon wenyewe hawakuficha jambo hili. Hata bei ilisema ukweli: toleo la pili lilizaliwa kwa dola 2,499 za Marekani, na la tatu kwa dola 2,099. Ni nadra mtoto mdogo kuingia mjini kwa bei iliyo chini ya ile ya kaka yake, na mnunuzi mwenye busara huuliza kwa nini.

Tena miezi mitatu baadaye, Septemba 2018, kampuni ile ile ilitangaza kamera ya EOS R, isiyo na kioo cha kurudisha sura, yenye shingo mpya ya lenzi ambayo haipokei lenzi za zamani ila kwa kiungo cha kati. Mwaka wa 2019 ikatolewa lenzi ya 70 hadi 200 kwa ajili ya shingo hiyo mpya, fupi, yenye uzito wa gramu 1,070. Hivyo toleo la tatu, ambalo mwenye duka aliliita jipya, lilikuwa ni mgeni aliyefika jioni katika karamu iliyokuwa ikikunjiwa mikeka. Hilo halikulifanya kuwa baya. Lilifanya tu neno "mpya" lipungue uzito.

Walakini kasoro yake ilikuwa ya marejeo ya nuru, na toleo la tatu lilibadilishwa katika jambo hilo hilo. Kama utando mpya ungekuwa ndio dawa, basi mwenye duka alikuwa amesema kweli bila ya kuijua. Haikuwezekana kulipuuza.

Nuru ikipita kutoka hewani kuingia katika kioo, si yote inayoingia. Kiasi cha asilimia 4 hurudi. Ikitoka kioo kuingia hewani, asilimia 4 nyingine hurudi. Katika miwani ya kusomea hasara hiyo ni ndogo. Lakini lenzi yenye makundi 19 ina nyuso 38 zinazogusa hewa. Mwenye kalamu na apige hesabu: asilimia 96 ya asilimia 96, mara 38, hubakisha kama sehemu moja kati ya tano ya nuru iliyoingia. Na zile sehemu nne hazifi. Sehemu yake kubwa huruka kutoka kioo hadi kioo, na baadhi huangukia picha mahali pasipo pake, zikawa ukungu. Kwa hiyo lenzi kama ile isingaliweza kutumika hata kidogo bila ya tando. Mwaka wa 1896 Paul Rudolph wa kiwanda cha Zeiss, mjini Jena, alibuni lenzi aliyoiita Planar, yenye vioo sita katika makundi manne. Ilikuwa bora kwa ukali wa picha, lakini nyuso zake nane ziliirushia ukungu mwingi, na ikabaki nyuma ya nyingine zilizokuwa na nyuso chache. Ilingojea dawa ambayo haikuwa imepatikana.

Dawa yenyewe ilitoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Katika miaka ile ile ya 1890, Mwingereza Harold Dennis Taylor, aliyekuwa akibuni lenzi kwa kiwanda cha Cooke huko York, aliona kwamba baadhi ya lenzi kuukuu, ambazo nyuso zake zilikuwa zimeingia kutu ya hewa na kugeuka rangi kwa umri, zilipitisha nuru nyingi kuliko lenzi mpya zilizosuguliwa zikameta. Uzee ulikuwa umezivika utando mwembamba sana, na utando ule ulipunguza marejeo. Taylor alijaribu kuzeesha vioo kwa dawa, ila matokeo hayakutabirika. Mwaka wa 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akifanya kazi kwa Zeiss, alipata njia ya kupaka utando huo kwa kuchemsha madini katika chombo kilichoondolewa hewa. Kutoka hapo tando ziliongezeka, tabaka juu ya tabaka, hata marejeo ya kila uso yakashuka chini ya asilimia moja. Ule utando mpya wa toleo la tatu ni mjukuu wa kazi hiyo: una vijipovu vidogo mno vya hewa, hata utando wenyewe ukakaribia tabia ya hewa, na hufaa hasa kwa nuru inayoipiga lenzi uso kwa uso. Taa iliyo nyuma ya bibi arusi huipiga lenzi namna hiyo.

Mpaka hapa hoja ya kununua ilikuwa imesimama imara, na mtu mwingine angalikwenda benki. Yeye alifanya jambo ambalo halina fahari: aliitazama lenzi yake. Aliielekeza kwenye taa, akachungulia kutoka nyuma, na katika upande wa kioo cha mbele, ndani, kusikofikiwa na kitambaa, akaona nyuzi nyembamba nyeupe zilizotandazwa kama mizizi ya nyasi.

Kuvu. Kila mpiga picha wa pwani alijua jina hilo na kulitamka kwa sauti ya chini. Mbegu zake zimo katika hewa yote ya dunia. Kinachozifanya ziote ni unyevu na giza, na kabati la nguo la mji wa Tanga wakati wa masika lina vyote viwili. Hukua polepole juu ya mavumbi na mafuta kidogo yaliyo juu ya kioo, na hutoa asidi. Mwanzoni huweza kufutwa kisibaki kitu. Likiachwa, asidi hula utando, kisha kioo chenyewe, na hapo hata likifutwa alama yake hubaki milele. Kumbi za siku hizi zimeongeza balaa: lenzi iliyopoa kwa saa nne katika hewa ya mashine hutolewa nje saa saba ya usiku katika joto la bahari, ikatokwa na umande ndani na nje kama chupa ya soda, kisha ikafungwa mkobani ikiwa imelowa.

Aliichukua kwa mzee mmoja wa mjini aliyekuwa akitengeneza saa, darubini na kamera za filamu tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Mzee alivaa kioo chake cha jicho, akawasha tochi, akanyamaza kwa muda mrefu.

"Liko nyuma ya kioo cha mbele peke yake," alisema mwishowe. "Halijala. Miezi sita mingine, ningekwambia habari nyingine. Nitakifungua cha mbele, nikioshe, nikirudishe. Huko kati kwenye mota sigusi. Ukimwona fundi anakwambia atafungua mpaka kati, kimbia."

"Na nikinunua nyingine, mzee? Mpya?"

"Utaiweka wapi?"

"Kabatini."

Mzee alicheka, akaanza kutafuta bisibisi.

Ikatokea kwamba wiki ile ile mwenzake mmoja, mpiga picha wa Dar es Salaam, alikuwa amekuja Tanga kwa arusi ya jamaa yake, naye alikuwa na toleo la tatu. Hakuwa mchoyo. Kabla ya lenzi kuachwa kwa mzee, wawili hao walikwenda katika ukumbi mtupu mchana, wakafunga mapazia, wakaweka kiti juu ya jukwaa, na juu ya kiti kanga nyeusi iliyotiwa nakshi, na nyuma ya kiti taa moja kali. Kamera ilikuwa moja, juu ya miguu mitatu, isiyosogezwa. Lenzi zilibadilishana zamu kwa milimita 200, tundu la f/2.8, muda ule ule wa nuru. Taa ilipozimwa, picha za lenzi mbili hazikutambulikana. Waliziangalia katika kompyuta kwa kuzikuza hata nyuzi za kanga zikaonekana, wakabadilishana viti, wakakisia, wakakosea mara kwa mara kama watu wanaorusha sarafu. Hilo lilikuwa ni kama lilivyotazamiwa, kwa kuwa vioo ni vile vile. Taa ilipowashwa, tofauti ilikuwa dhahiri. Picha ya lenzi ya tatu ilikuwa na weusi. Ya pili ilikuwa na ukungu na madoa.

Mwenzake alisema, "Umeona?" Naye alikuwa ameona. Lakini akaona na jambo jingine: mbele ya lenzi yake kulikuwa na filta, kioo bapa cha bei rahisi kilichowekwa na mwenye lenzi wa kwanza ili kukinga vumbi, na ya mwenzake haikuwa nayo. Kioo bapa kisicho na utando kina nyuso mbili, nacho hurudisha asilimia 8 ya nuru. Tena, kwa kuwa ni bapa, hupokea nuru iliyoruka kutoka katika kamera na kuirudisha tena, hata taa ikapata kivuli chake chenye kung'aa upande wa pili wa picha. Akaifungua filta, akapiga tena. Madoa ya kijani yakapungua mno, na lile kubwa kuliko yote likatoweka. Ukungu ulibaki.

Majaribio mengi ya watu wanaotaka kununua huharibika hapo. Mtu hulinganisha chombo chake kichafu na chombo kisafi cha duka, akaita tofauti ile kwa jina la toleo. Lenzi mbili zile zilitofautiana kwa mambo matatu, yaani filta, kuvu na utando, na mwenye duka alikuwa tayari kuyauza yote matatu kama kwamba ni moja. La kwanza liliondolewa bila ya gharama yoyote. La pili lilikuwa mezani kwa mzee kwa siku mbili. Ilipotoka, kabla ya mwenzake kupanda basi la Dar es Salaam, walirudi ukumbini, kiti kile, kanga ile, taa ile.

Ukungu ulikuwa umeondoka kwa sehemu yake kubwa. Haukuondoka wote. Taa ilipokuwa imefichwa nyuma ya kiti, lenzi mbili zilikuwa sawa, au tofauti yake ilikuwa ndogo kiasi cha kuwafanya wabishane. Taa ilipochungulia ukingoni mwa kiti na kuitazama lenzi moja kwa moja, toleo la tatu lilishinda: weusi wa kanga ulikuwa mweusi zaidi, na doa moja dogo lililobaki katika picha ya lenzi ya pili halikuwamo katika ya tatu. Utando wa watu wa Canon haukuwa maneno matupu. Lakini ulikuwa ni utando tu, nao ulifanya kazi ya utando.

Kisiwani Unguja liko duka la picha liitwalo Capital Art Studio, lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930, na baada yake likaendelezwa na mwanawe Rohit. Picha zake nyeusi na nyeupe za majahazi, milango na watu wa Mji Mkongwe zimenunuliwa na wageni na wenyeji kwa miaka mingi. Wala haisikiki kwamba mnunuzi ameuliza ilikuwa lenzi gani. Hoja hii hupendwa na watu wasiotaka kutumia fedha, na si ya haki kabisa, maana Oza aliweza kungojea jua. Bibi arusi hangojei. Mtu aliyeajiriwa kupiga picha usiku, mara moja, katika taa zilizowekwa na mpambaji asiyejua kamera, ana haki ya kudai chombo kizuri kuliko msanii mwenye siku nzima. Ndiyo maana hesabu ya mwanamke huyu ilibidi iwe ya picha hasa, wala isiwe ya jumla.

Akakaa akaihesabu. Alifungua albamu za arusi kumi alizozipiga, akatafuta picha ambazo taa iliangalia lenzi moja kwa moja. Zilikuwapo, lakini chache. Na katika nyingi za hizo hatua moja ya mguu kushoto ingaliificha taa nyuma ya kichwa cha bibi arusi, na hapo ingalimvika nywele zake mviringo wa nuru, jambo ambalo wateja hulipenda. Zilibaki picha mbili tatu katika arusi nzima, kama ile ya bibi arusi akiingia huku taa zote za mlango ziko nyuma yake, ambazo toleo la tatu lingalizitoa vizuri zaidi. Hakujidanganya kuhusu hizo. Picha ya kuingia ni picha kubwa. Mama wa bibi arusi huitafuta kwanza. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni jukwaa na taa, kama mpiga picha wa taarabu au wa michezo ya kuigiza, huenda hesabu ingekuwa nyingine. Kwa yeye, bei ya picha mbili tatu ilikuwa shilingi 2,400,000 na masika moja kitandani pa mama.

Alikwenda kuzungumza na mpambaji, mwanamke aliyekuwa akikutana naye karibu kila Jumamosi kwa miaka sita bila ya kuambiana zaidi ya salamu. Alimwomba taa za mlangoni zipandishwe juu kwa kiasi cha dhiraa mbili. Mpambaji alisema hakuna aliyemwomba hivyo kabla, akazipandisha.

Mzee alipokea ujira wake, ambao haukuzidi bei ya arusi ndogo. Kwa ushauri wake ilinunuliwa sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, kipimo kidogo cha unyevu, na mfuko wa chembe za silika, zile zinazovuta maji ya hewa, na ambazo zikishiba hukaushwa juu ya sufuria zikatumika tena. Kipimo kikiwa kati ya 40 na 50 kwa mia kuvu halioti, na vioo havidhuriki kwa ukavu. Baada ya arusi mkoba hufungwa ndani ya ukumbi na haufunguliwi mpaka upate joto la nje. Kisha lenzi hufutwa, huwekwa wazi kwa saa chache, ndipo huingia sandukuni. Filta ilitupwa, na kofia ya lenzi, iliyokuwa imelala chini ya kitanda tangu siku ya ununuzi kwa kuwa ilionekana kubwa mno, ikarudishwa mahali pake.

Bati zilipelekwa Pangani kwa gari la nazi lililokuwa likirudi tupu. Mafundi walizipiga kwa siku mbili, na mvua ya kwanza ya masika ilinyesha wiki iliyofuata.

Mwenye duka alipiga simu mara moja kuuliza kama dada yake amekwisha amua, akaambiwa kwamba ya pili bado inafanya kazi. Akasema si neno, na kwamba sasa amepata ile kamera isiyo na kioo pamoja na lenzi yake fupi ya gramu 1,070. Tarakimu hiyo ilimgusa kuliko namba zote za matoleo, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumuuma kila Jumapili asubuhi. Aliiandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari la upatu, na zamu yake iliyofuata ilikuwa mwakani.